Hitimisho liko wapi? Ninavyolisaka kwenye maswali ya hoja ya GMAT na LSAT

Ukiingia stendi ya Arusha asubuhi na begi mgongoni, hujamaliza hata kutafuta hela ya boda, mtu ameshakukamata mkono. "Moshi Moshi Moshi! Siti mbili za mwisho dada'angu, hii ndiyo inatoka, ile ya kule dereva hajafika!" Kwa pumzi moja amekupa madai matatu: siti zimebaki mbili, gari hii inatoka sasa, ile nyingine haina dereva. Katika hayo matatu hakuna hata moja ambalo anataka uondoke nalo. Analolitaka hajalitamka kabisa. Panda hii.

Nimepanda magari hayo miaka nenda miaka rudi kwenda kwetu Kibosho, na sikuwahi kufikiri kwamba mpiga debe ana kitu cha kunifundisha, mpaka GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea biashara ngazi ya uzamili, iliponibwaga.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii, naishi Sakina. Mara ya kwanza nilifanyia mtihani huo nyumbani, kwenye kompyuta, na hesabu hazikunitoa jasho. Sehemu ya lugha ndiyo ilinitoa: nilipata 74, kwa kipimo kinachoanzia 60 na kuishia 90. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukariri maneno. Nikiona "therefore", hitimisho hilo hapo. Nikiona "because", sababu hizo hapo. Sasa wanaotunga ule mtihani wanajua vizuri kwamba duniani kuna watu kama mimi, na walinitegea palepale. Mara ya pili nilipata 83, na Kiingereza changu kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kusoma.

Siku hizi Jumamosi saa kumi jioni wanakuja watu watano sebuleni kwangu. Wanne wanajiandaa na GMAT, wa tano na LSAT, maana anataka kusomea sheria Marekani. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia, pamoja na chai ya tangawizi ambayo siwezi kuituma.

Kuhusu mitihani yenyewe sitakuchosha. GMAT ya sasa, iliyoanza mwishoni mwa 2023, ina maswali 23 ya lugha kwa dakika 45, kwa hiyo kila swali lina muda usiofika dakika mbili. Yale ya kusahihisha sarufi yaliondolewa. Yamebaki ufahamu na hoja. LSAT nayo tangu Agosti 2024 imeachana na mafumbo ya kupanga watu na viti, na sasa ina sehemu mbili za hoja zinazohesabiwa na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35. LSAT hukuuliza waziwazi: hitimisho kuu la hoja hii ni lipi? GMAT mara nyingi haikuulizi hivyo. Inakuuliza ni kipi kinachoimarisha hoja, kipi kinachoidhoofisha, mwandishi amechukulia nini bila kusema. Lakini huwezi kudhoofisha hoja usiyojua inaelekea wapi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni ileile.

Dai ni sentensi yoyote ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa. "Nipe chai" si dai. "Chai imepoa" ni dai. Hitimisho ni dai pia, ila lina kitu cha ziada: ndani ya kifungu hichohicho kuna dai jingine lililowekwa kulibeba. Dai lisilobebwa na kitu, hata liwe zito namna gani, hata liwe la kushtua, si hitimisho. Kwa macho ya mtihani huo ni msingi tu, unaupokea kama ulivyo.

Hapo kwenye kupokea ndipo nilipopata shida, kwa sababu ya kazi yangu. Mhasibu hapokei kitu. Dereva akiniletea risiti ya mafuta nitaangalia tarehe, namba ya gari, na kama lita hizo zinaingia kwenye tangi lile. Basi nilikuwa nagombana na vifungu: "Hii asilimia wameitoa wapi? Nani amehesabu?" Dakika mbili zinaisha nipo kwenye sentensi ya kwanza. Siku moja nikajiambia, kwenye mtihani huu risiti zote ni halali, mkurugenzi ameshasaini. Ninachokagua ni kitu kimoja tu: je, ile jumla ya chini imetokana na risiti hizi? Jumla ndiyo hitimisho. Tangu siku hiyo nilitulia.

Kikao cha ukoo

Desemba Wachaga tunapanda mlimani kwetu, hilo halihitaji maelezo. Kila mwaka kunakuwa na kikao, na mwaka mmoja ajenda ilikuwa kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, maana kuna mtu alikuwa ameleta mteja. Baba mdogo akasimama na kata yake ya mbege. Alizungumza karibu nusu saa, lakini ukikamua yanabaki haya:

"Migomba hii aliipanda babu yenu kwa mikono yake. Lami imeshafika pale kanisani. Jirani yetu aliuza, leo wanawe wamepanga Majengo, chumba kimoja. Hatuuzi. Bei ya ardhi huku inapanda kila mwaka. Na makaburi yetu yako pale chini, mnayaona."

Tulipotawanyika, binamu yangu akaninong'oneza: "Umesikia? Mzee anasema tusubiri bei ipande zaidi ndiyo tuuze." Nikamtazama. Yeye ameshika sentensi ya bei kwa sababu ndiyo iliyomgusa. Shangazi naye alikuwa analia kwa ajili ya makaburi, kwake hicho kikao kilihusu makaburi. Kumbe hitimisho lilikuwa neno moja, limekaa katikati ya kifungu, halikutanguliwa na "kwa hiyo" wala "basi", na mzee alilisema kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. Hatuuzi.

Nawapa wanafunzi wangu kifungu hiki siku ya kwanza, na huwa kinawapata wengi. Sisi tumezoea kusubiri neno la msingi mwishoni, baada ya salamu na historia. Watunzi wa mtihani wanaliweka popote: mara nyingi mwanzoni, mara nyingi vilevile katikati, baada ya kugeuza maneno. Nafasi ya sentensi haikuambii chochote.

Basi utalijuaje? Nina maswali mawili, na yote mawili ni ya Kiswahili cha kila siku. Mtihani ni wa Kiingereza lakini kichwani unaruhusiwa kuongea lugha unayotaka. Ukiwa umeshika sentensi moja, iulize kwanza: kwa nini nikuamini? Kama kuna sentensi nyingine kwenye kifungu inayojibu, hilo ni hitimisho, walau la ngazi fulani. Halafu iulize lile tunalomuuliza mtu anayezunguka sana: kwa hiyo unasemaje? Kama kifungu kina jibu, basi ulichoshika kinaelekea mahali pengine, bado hujafika. Kama kifungu kinanyamaza, umefika.

Tumpeleke baba mdogo kwenye hayo maswali. "Bei ya ardhi inapanda." Kwa nini nikuamini? Hajasema. Kwa hiyo unasemaje? Hatuuzi. Hiyo ni sababu. "Hatuuzi." Kwa nini? Jirani aliuza akaumia, bei inapanda, makaburi yako pale. Kwa hiyo unasemaje? Kimya. Anakunywa mbege yake. Hilo ndilo hitimisho kuu: linajibiwa kwenye "kwa nini" na linanyamaza kwenye "kwa hiyo".

Binamu alifanya kosa jingine ambalo mtihani unalipenda sana. Yeye alijibu "kwa hiyo" kwa niaba ya mzee. Bei inapanda, kwa hiyo tusubiri tuuze baadaye. Inawezekana hata ni wazo zuri, mimi si msemaji. Lakini mzee hakulisema.

Hitimisho dogo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pointi zangu zilipopotelea mara ya kwanza.

Kifungu hiki nimekitunga kwa mambo ya kazini kwetu. Chukulia ni barua ya meneja wa mauzo kwa mkurugenzi:

"Safari ya siku tano ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ndiyo inayoulizwa zaidi na wageni wetu, kwa sababu ada za hifadhi hulipwa kwa siku na siku chache ni gharama ndogo. Hata hivyo tuache kuitangaza ukurasa wa kwanza. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyembamba, hivyo mgeni wa siku tano ana nafasi ndogo ya kufika kilele cha Uhuru kuliko mgeni wa siku sita. Na mgeni aliyegeukia njiani hatuletei mgeni mwingine."

Ukisoma kwa kuwinda maneno, utarukia "hivyo". Mimi ningerukia. Baada ya "hivyo" kuna dai linalobebwa kweli: mwili unahitaji muda, hivyo wa siku tano ana nafasi ndogo. Kwenye swali la "kwa nini" linafaulu. Sasa liulize la pili. Mgeni wa siku tano ana nafasi ndogo, kwa hiyo unasemaje? Kifungu kinajibu bila kusita: tuache kuitangaza. Basi hilo la "hivyo" ni hitimisho dogo, ngazi ya katikati. Limebebwa, na lenyewe linabeba. Kama jumla ndogo ya ukurasa wa kwanza wa leja inayohamishiwa ukurasa wa pili: ni jumla kweli, lakini ukiipeleka kwa mkurugenzi kama hesabu ya mwezi atakurudisha.

Ukichanganyikiwa kati ya sentensi mbili, zifunge kwa "kwa sababu" na uzigeuze. "Tuache kuitangaza kwa sababu mgeni wa siku tano ana nafasi ndogo." Inasimama. "Mgeni wa siku tano ana nafasi ndogo kwa sababu tuache kuitangaza." Hiyo haisimami hata kwa fimbo. Inayokaa kabla ya "kwa sababu" ndiyo ya juu.

Angalia pia sentensi ya kwanza ya ile barua. Ina "kwa sababu" yake kamili. Kwa nini basi isiwe hitimisho? Kwa sababu meneja hajaribu kumshawishi mkurugenzi kwamba safari hiyo inaulizwa zaidi. Hilo wote wanalijua, simu zinaonyesha. Anaeleza tu kwa nini iko hivyo. Kuna "kwa sababu" ya kueleza jambo lililokwisha kukubalika, na kuna "kwa sababu" ya kumvuta mtu akubali jambo ambalo bado. "Nimechelewa kwa sababu Kijenge kulikuwa na foleni": kuchelewa kwangu hakubishaniwi, umeniona nikiingia. "Tupite Njiro kwa sababu Kijenge kuna foleni": hapo nataka ukubali. La kwanza ni maelezo, la pili ni hoja. Kijana wangu wa LSAT alihitaji wiki mbili kulishika hili, na sasa analitumia hata kwa mchumba wake, jambo ambalo sikumshauri.

Maneno ya alama yana faida yake, usiyatupe. Ila yachukulie kama kibao cha barabarani kilichopindishwa na lori, kinachokuelekeza na bado unauliza watu. Na kuna mtego unaotukamata sisi tuliojifunza Kiingereza darasani. "Since" tulifundishwa ni "tangu". Kwenye vifungu hivi mara nyingi ni "kwa kuwa". Ukiisoma kama "tangu" unageuza sababu kuwa tarehe, na hoja nzima inavunjika bila wewe kujua. "For" nayo ikianza nusu ya sentensi baada ya mkato, usiisome "kwa ajili ya", isome "kwani". "As" inaweza kuwa "kwa kuwa" pia. Hayo matatu yaandike kwenye karatasi ubandike juu ya sinki la vyombo, mimi nilifanya hivyo.

Neno ninaloliamini zaidi kuliko "therefore" ni "however" na ndugu zake, yaani "lakini" na "hata hivyo". Halikuambii kwamba hitimisho ni hapo, lakini linakuambia kwamba mwandishi ameacha kusimulia ya wengine na sasa anaanza kusema yake.

Anaposema "wanakosea"

Aina moja ya kifungu inarudi tena na tena. Inaanza na watu wengine: wataalamu wengi wanaamini, wakosoaji wamedai, kwa kawaida hudhaniwa. Ukiona hivyo, jua mwandishi anawaandaa awapige. Hiki nacho nimekitunga, nikamfikiria mama ninayenunua kwake nyanya Kilombero:

"Wachuuzi wengi wanaamini kwamba nyanya hupanda bei wakati wa masika kwa sababu mvua huharibu mazao shambani. Wanakosea. Masika iliyopita mashamba yanayolisha soko hili yalivuna kiasi kilekile cha kiangazi, na bei ilipanda vilevile. Kilichopungua ni magari yaliyoweza kufika shambani."

Hitimisho ni neno moja tena: wanakosea. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kwenye machaguo hutakuta "wanakosea" peke yake. Lazima ulijaze. Wanakosea kuhusu nini? Hawakosei kwamba bei inapanda. Mwandishi mwenyewe anakubali inapanda. Wanakosea kuhusu chanzo. Hitimisho lililojazwa ni hili: kupanda kwa bei ya nyanya wakati wa masika hakutokani na mvua kuharibu mazao. Wanafunzi huwa wanaandika "bei haipandi masika", na hapo wameshamwekea mwandishi maneno aliyoyakanusha mwenyewe. Kila ukikuta "hilo", "hivyo sivyo", "dhana hiyo", rudi nyuma uchukue jambo zima linaloonyeshwa na uliandike upya kwa maneno yako.

Sasa tazama jinsi machaguo mabovu yanavyopikwa kutokana na kifungu kama hicho. La kwanza litasema mavuno ya masika yalikuwa sawa na ya kiangazi. Ni kweli, limeandikwa, na ndiyo hatari yake: ni sababu iliyovaa koti la hitimisho. La pili litasema barabara za mashambani zikitengenezwa, bei ya nyanya itashuka. Linapendeza, na diwani yeyote angelisema jukwaani, lakini ni binamu yangu yule anajibu "kwa hiyo" kwa niaba ya mtu. La tatu litasema mvua haiathiri kamwe bei ya chakula. Nyanya zimegeuka chakula chote. La nne litasema wachuuzi wengi wanaamini mvua huharibu mazao: hayo ni ya wachuuzi, si ya mwandishi. La tano ndilo letu, na mara nyingi limeandikwa kwa maneno ya ajabu ambayo hayafanani na kifungu, ili ulipite.

Kwa hiyo kabla ya kushuka kwenye machaguo, sema hitimisho kwa Kiswahili, kwa sentensi moja ambayo mama wa nyanya angeielewa. Ukishindwa kulisema hivyo, hujalipata. Usishuke. Machaguo yameandikwa na watu wanaolipwa kukuchanganya, na ukiingia kwao mikono mitupu watakuvisha wanachotaka wao.

Kiasi

Maneno madogo ya kiasi yanaamua maswali mengi. "Some" kwenye mitihani hii maana yake ni walau mmoja, na inaweza hata kuwa wote. "Most" ni zaidi ya nusu. Mwandishi akisema baadhi ya wapagazi wanapendelea njia ya Machame, chaguo linalosema wapagazi wengi wanaipendelea limekufa, hata kama wewe unawajua wapagazi ishirini na wote wanasema hivyo. Vilevile "huenda" na "hakika". Hitimisho la "huenda ikasaidia" halijibiwi na chaguo la "itasaidia". Mimi huandika neno la kiasi pembeni ya hitimisho kwenye ubao wa kuandikia: *huenda*, *baadhi*, *peke yake*. Sentensi nzima siandiki, muda hauruhusu.

Maswali yasiyo na hitimisho

Hili ningeambiwa mapema ningeokoa dakika nyingi. Soma swali kabla ya kifungu. Kuna maswali ambayo kifungu chake hakina hitimisho lolote, na ukilitafuta utalivumbua.

Moja ni lile linalouliza ni nini kinachoweza kuhitimishwa kutokana na maelezo. Hapo kifungu ni risiti tupu, jumla iko kwenye machaguo. Mfano: kila basi la kampuni fulani linaloondoka kabla ya saa 12 asubuhi hubeba abiria zaidi ya 40. Jumatatu basi lao moja lilibeba 30. Hakuna aliyehitimisha chochote. Wewe ndiye unayepaswa kuona kwamba basi hilo halikuondoka kabla ya saa 12. Na usiongeze chumvi: hujui kama lilichelewa, hujui kama kampuni inapata hasara.

Jingine ni lile la kueleza mambo mawili yanayoonekana kugongana: wageni wameongezeka, mapato yamepungua, kwa nini? Hapo hakuna anayeshawishi, kuna kitendawili tu. Tafuta kinachoyapatanisha yote mawili na usonge mbele.

Maswali ya mpango ni katikati. Mwandishi anasema: ili kupunguza msongamano, halmashauri itahamisha stendi. Hitimisho mara nyingi halisemwi kwa ukamilifu lakini lipo: mpango huu utafikia lengo hilo. Shika lengo na shika njia, vyote viwili. Anayeshika njia tu atachagua jibu linalosema kuhamisha stendi ni ghali, wakati hakuna aliyezungumzia gharama.

Yale ya GMAT yenye sehemu mbili zilizokolezwa wino, ambapo unaulizwa kila sehemu ina kazi gani, watu wanayaogopa bure. Ni kikao cha ukoo tu. Hii ni sauti ya nani, ya mzee au ya jirani aliyeuza? Imebebwa au inabeba? Ukishajibu hayo kwa kila kipande, futa machaguo kwa kutazama nusu moja kwanza. Nusu ya kwanza ikikosea, nusu ya pili huna haja ya kuisoma.

Mazoezi yasiyo na kitabu

Mazoezi rasmi yafanye, hayana mbadala. Lakini kati ya Jumatatu na Ijumaa, wakati unarudi nyumbani umechoka, fanya haya. Fungua kundi lolote la WhatsApp la familia au la mtaa, tafuta ujumbe mrefu wa kuchangisha harusi, na useme hitimisho lake kwa maneno yasiyozidi kumi. Sikiliza tangazo la redio na ujiulize ni madai mangapi, na lipi halijatamkwa. Kwenye daladala sikiliza konda akigombana na abiria kuhusu chenji. Huwa kuna hitimisho moja na sababu saba, na tano kati ya hizo hazibebi chochote. Baada ya mwezi utaanza kuyasikia hata usipotaka, na mahubiri ya Jumapili yataanza kukuchosha. Nimekuonya.

Nakuachia kimoja ukifanye leo. Kimetungwa, usije ukaniuliza ni kijiji gani.

"Kijiji kimoja kimeanza kung'oa mibuni na kupanda parachichi, kwa kuwa parachichi kwa sasa lina bei nzuri. Bwana shamba anasema uamuzi huo utawainua wakulima wote. Lakini parachichi, tofauti na kahawa iliyokaushwa, haliwezi kukaa ghalani miezi mingi. Hivyo mkulima wa parachichi analazimika kuuza kwa bei yoyote atakayoikuta siku ya mavuno. Ni mapema mno kusema kwamba kijiji hiki kitanufaika. Isitoshe, mche wa mparachichi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha."

Funika hapa chini kwa mkono.

Kama umechagua sentensi yenye "hivyo", umeshika jumla ndogo. Kama umechagua ya bwana shamba, umemsikiliza jirani badala ya mzee. Kama umechagua ya mwisho, iulize "kwa nini nikuamini" uone inavyonyamaza. Na kama umeandika "kijiji hakitanufaika", soma tena hiyo sentensi ya tano polepole: mwandishi hajasema hakitanufaika. Amesema ni mapema mno kusema kwamba kitanufaika. Jumamosi iliyopita wanne kati ya watano walikosea hapohapo, na aliyepatia ni yule wa LSAT, akatazama wenzake huku akijimiminia chai ya pili.